Kuta Zipo

Nimekagua shule nyingi hadi siku hizi nikisikia tu mwalimu mkuu anavyosema "karibu," najua vyoo vyake vikoje. Karibu ndefu yenye kicheko, vyoo vimefungwa na mwenye ufunguo hajulikani alipo. Karibu ya haraka haraka, vimeoshwa asubuhi ile ile na sakafu bado imelowa. Huyu mama alisema "karibuni" kwa sauti iliyokwaruza kama mlango wa bati unaoburutwa, kisha akanyamaza, akatutazama mimi na mwenzangu, akasubiri. Nikakosa cha kukisia.

Ulikuwa mwaka wangu wa mwisho kabla ya kustaafu. Magoti yangu yalikwisha kustaafu mapema, mimi ndiye niliyekuwa nayaburuta kazini. Mwenzangu alikuwa kijana aliyeletwa ofisini kwetu na kompyuta yake ya mkononi, nasi tukampa jina la Asilimia, kwa sababu hawezi kukuambia ameshiba bila kutaja ni kwa asilimia ngapi. Adabu anayo, sitamsema vibaya. Ananiita mama, ananibebea mkoba, na nikisinzia ndani ya gari hujifanya hakuona.

Shule yenyewe ilikuwa ndogo, shule ya kati ya serikali, madarasa matatu tu: la sita, la saba na la nane. Ilikuwa imebanwa kwenye mtaa wa karakana, kushoto fundi wa kuchomea vyuma, kulia vijana wa kuosha magari. Jengo zamani lilikuwa ghala la marobota ya nguo. Mtu fulani huko nyuma alilikata vipande vitatu kwa kuta za mbao, akatundika ubao mweusi katika kila kipande, akaondoka. Walimu walikuwa watatu, mwalimu mkuu akiwa mmoja wao. Watoto walimpa jina, nao watoto hawana huruma: walimwita Mkwaruzo.

Ng'ambo ya barabara kuu kulikuwa na shule kubwa ya ghorofa. Ofisini kwetu ilikuwa inajulikana, ingawa hakuna aliyelitamka mbele ya watu, kwamba hii ndogo ikipata alama ya "dhaifu" safari hii, inafungwa, na watoto wote wanahamishiwa ng'ambo. Barabara yenyewe magari yake yanakwenda kama yanafukuzwa, na kivuko hakuna. Mkwaruzo alilijua hilo. Mtaa mzima ulilijua. Tulipokuwa tunashuka kwenye gari, mwosha magari mmoja alizima mpira wake wa maji akatuuliza, "Ndio nyie mliokuja kutufungia shule? Binti yangu yumo humo." Nikamwambia tumekuja kuangalia tu. Akasema, "Hata fisi huja kuangalia tu," akafungulia maji.

Siku ya kwanza tulianza na majengo, maana ndiyo ukurasa wa kwanza wa fomu. Paa: lipo. Madirisha: yapo. Kuta: zipo au hazipo. Nikaweka alama kwenye "zipo." Zilikuwepo, kwa nini niseme hazipo? Kweli ziliishia kwenye urefu wa mtu mzima aliyenyoosha mkono, na juu yake ilikuwa hewa tupu hadi kwenye mabati, lakini fomu haikuuliza zimeishia wapi. Na mimi, baada ya miaka yote hiyo, nilikuwa nimejifunza kutojibu nisichoulizwa.

Asilimia akaenda darasa la nane kwa Mkwaruzo, mimi nikaingia darasa la saba kwa mwalimu wa sayansi, kijana mnene mwenye mikono ya mpishi. Alikuwa anafundisha kwa nini chumvi ikitiwa majini haionekani tena. Alianza vizuri kweli. Aliongea kwa ufupi, kila neno lina kazi yake, watoto wamemkodolea macho, hata mimi nikaacha kufikiria magoti. Halafu, katikati ya utamu, akakatika kama umeme. Akaandika swali ubaoni, akagonga ule ukuta wa mbao kwa kifundo cha kidole, mara mbili, akanyamaza.

Nikasubiri aendelee. Watoto waliinama wakaandika. Yeye akawa anapita katikati ya madawati, anaonyesha kidole hapa, anatikisa kichwa pale, neno hatoi. Upande wa pili wa ukuta alisikika mwalimu wa historia akisimulia mambo yake. Nikatazama saa, nikatazama dari ambayo haikuwepo, nikatazama viatu vyangu. Baada ya muda mrefu ndipo yule kijana akafungua tena kinywa, akafundisha kidogo, akagonga ukuta, akafunga. Nikaandika kwenye fomu: *Mwalimu hazungumzi na wanafunzi kwa sehemu kubwa ya kipindi.* Niliandika kwa mkono mzito, maana kijana alikuwa anajua kazi. Ndiyo maana iliniudhi. Mtu asiyejua akinyamaza unamshukuru.

Mchana tulikutana na Asilimia kwenye gari, tukalinganisha.

"Mama, mwalimu mkuu amezungumza theluthi moja tu ya kipindi," akasema. "Anasema kidogo, anagonga ukuta, anakaa."

"Wangu hivyo hivyo."

"Nikapita na kwa yule wa historia. Naye theluthi moja." Akaitazama kompyuta yake kama inayomficha jambo. "Wote watatu, mama. Sawasawa kabisa. Inawezekanaje?"

"Wamechoka," nikamwambia. "Uchovu nao unaambukiza, subiri utafika umri wangu."

Hapo tulikuwa tumeshikilia jibu mkononi, wasomi wawili wa serikali, tukaliweka kwenye mkoba tukafunga zipu.

Jioni ile, kabla ya kuondoka, tulikaa na Mkwaruzo kwenye kipembe alichokiita ofisi, nyuma ya kabati. Nilimwambia waziwazi, maana sipendi kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Nilimwambia walimu wake hawasemi. Kwamba fomu inataka mwalimu awashirikishe wanafunzi kwa mazungumzo kipindi chote, na kwa hali niliyoiona, sina pa kuwapa alama. Alikuwa amejifunga kitambaa shingoni. Alifungua kinywa, akautazama ukuta, akakifunga. Kisha akasema kwa ile sauti yake ya bati, "Tumesikia, mama. Kesho mtatusikia na sisi."

Nyumbani kwangu nako ni soko. Mume wangu alikuwa fundi redio, na amestaafu kila kitu isipokuwa redio. Binti yangu mkubwa amerudi na pacha wake wawili, na kila mmoja katika nyumba ile ana habari ambayo haiwezi kungoja ya mwenzake iishe. Niliingia, wakanirukia wote kwa pamoja: mmoja mwalimu kamwonea, mwingine kaangusha jino, mama yao anataka kujua kama nimepitia dukani, na mtangazaji naye hakubali kushindwa. Nikakaa na mkoba wangu mapajani. Mume wangu akapunguza redio, jambo ambalo hulifanya tu akiona nimefika mwisho.

"Umekutana na nini leo?"

"Shule ya walimu mabubu."

Akacheka. "Kimya kingi kina mshindo mkuu, mke wangu."

"Mshindo wenyewe ni wa kufungwa," nikasema, na nilipolisema ndipo nikagundua kwamba inaniuma. Nilidhani nimekwisha kupita umri wa kuumwa na shule za watu.

Siku ya pili kweli tuliwasikia.

Nilikaa darasa la sita kwa mwalimu wa historia, mama wa miwani mwenye mwendo wa taratibu. Alisimama mbele, akavuta pumzi kama mtu anayeingia maji baridi, akaanza kusimulia jinsi watu wa kale walivyoanza kufuga mifugo. Wakati huo huo, juu ya ukuta, kijana wa sayansi akaanza kuchemsha maji yake, na juu ya ukuta mwingine Mkwaruzo akaanza kugawanya sehemu. Hakuna aliyenyamaza. Mama wa historia alipopandisha sauti, sayansi ikapanda, na sayansi ilipopanda, hesabu ikapiga kelele. Mabati yalichukua sauti zote tatu, yakazichanganya, yakatumwagia vichwani.

"Mnyama gani alifugwa kwanza?" mama wa miwani akauliza, karibu anapiga yowe.

"Robo tatu!" akajibu msichana wa mbele kwa imani kubwa.

Darasa likaangua kicheko. Darasa la saba, lisilojua linacheka nini, nalo likacheka. Mama wa miwani alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. Aliendelea. Wote waliendelea, kwa woga, kwa sababu mimi niliwaambia hawasemi. Mlangoni akatokea fundi wa kuchomea vyuma, kofia yake ya kioo ameipandisha kwenye paji la uso, amezima mashine yake. Akauliza kwa heshima, "Samahani, kuna ugomvi? Siku zote hapa huwa kimya."

Kichwa kilikuwa kinanigonga. Nikatoka nje ya darasa, nikaegemea ukuta wa mbao pale kwenye ujia, na Asilimia naye akatoka upande wake, macho yamemtoka. "Mama," akanong'ona, "leo wamezungumza asilimia mia moja. Na nimewauliza watoto watano, hakuna aliyejua somo ni lipi."

Hapo ndipo sauti ya Mkwaruzo ikakatika. Haikushuka, ilikatika katikati ya neno, kama kamba. Tulimsikia akikohoa. Kisha tukasikia ukuta umegongwa mara mbili.

Wale wawili wakanyamaza papo hapo. Jengo lote likatulia hadi nikasikia maji ya waosha magari. Kisha kijana wa sayansi, yeye peke yake, akaanza tena kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu anayeongea na wageni sebuleni. Kwenye darasa la sita, bila kuambiwa, watoto walichukua kalamu wakainama kuandika. Kwenye la nane vile vile. Akamaliza kipande chake, akagonga mara mbili, akanyamaza, na watoto wake nao wakainama. Mama wa miwani akainuka. Akasimulia mbuzi wake kwa utulivu, na msichana wa robo tatu akajibu sawasawa. Akagonga. Na zamu ya Mkwaruzo ilipofika, alifundisha kwa kunong'ona, maana sauti hakuwa nayo tena, na ule mnong'ono ulifika hadi nilipokuwa nimeegemea, kila neno, kwa sababu hakukuwa na mwingine aliyekuwa anasema.

Nilimtazama Asilimia. Alikuwa ameishusha kompyuta yake.

"Theluthi, theluthi, theluthi," akasema polepole. "Mama, wanazungumza asilimia mia. Tulikuwa tunawapima chumba kimoja kimoja."

Siku mbili tulikaa ndani ya shule moja, yeye kwenye kipande chake, mimi kwenye changu, tukiwahukumu watu watatu wanaofanya kazi moja. Hakuna mzazi wa mtaa ule ambaye angefanya kosa hilo. Lilihitaji wakaguzi.

Saa ya mapumziko niliingia nyuma ya kabati. Mkwaruzo alikuwa anakunywa maji ya vuguvugu kidogo kidogo.

"Mbona hukusema?" nikamwuliza. Nilikuwa na hasira, na sikujua kama ni hasira juu yake au juu yangu.

"Ningesema nini, mama? Nikikwambia tunafundisha kwa zamu, utaniuliza kwa nini. Nikikwambia kwa nini, nitakuwa nimekwambia kuta hazifiki juu. Na kanuni yenu inasema chumba kisicho na ukuta kamili si darasa. Basi mnatufunga kwa majengo. Nikinyamaza, mnatufunga kwa uvivu." Akameza maji. "Nikaona bora uvivu. Uvivu mtu anaweza kuahidi ataacha."

"Mficha uchi hazai, mwalimu."

"Nimeuficha wapi?" akasema, na kwa mara ya kwanza nikaona moto machoni mwake. "Kila mwaka nawaandikia ofisi yenu kuomba kuta zipandishwe. Kila mwaka wananijibu kwamba ripoti ya ukaguzi inaonyesha kuta zipo."

Fomu yangu ilikuwa pale mezani, na ile alama yangu ya jana imekaa mahali pake.

Akanieleza, kwa mnong'ono, kwamba zamani walifundisha kama walivyofundisha asubuhi ile. Miaka mingi kila mwalimu alipiga kelele kumshinda mwenzake, hadi koo lake yeye likafa. Daktari alimwambia anyamaze au atapoteza hata hicho kilichobaki. Akawa anagonga ukuta kuwaomba wenzake wampishe kidogo, aseme maneno yake machache kabla hayajaisha. Wakampisha. Siku ya pili wakaombana wao kwa wao. Baadaye wakaanza kupanga masomo wakijua nani atasema lini, na mwalimu asipate nafasi ya maneno ya bure. Watoto walizoea upesi kuliko wao. Tena walipata zaidi ya somo lao, maana mtoto wa darasa la sita anayeandika kimya husikia la nane linafundishwa nini.

"Mimi nimekwisha," akasema. "Lakini yule kijana wa sayansi ana koo zima. Mama wa miwani anaanza kukohoa. Hii zamu inatusaidia, haituponyi. Mchana watoto wakichangamka, fundi akiwasha mashine, ni lazima upaze tu. Andika ukweli ukitaka, nimechoka kujificha. Ila ukiandika zamu, andika na ukuta. Usiandike nusu."

Nikamwahidi. Niliikata ile "zipo" kwa kalamu, nikaandika pembeni: *zimeishia njiani.* Asilimia alihangaika na kompyuta yake, ikawa inampa zipo au hazipo, hataki hiki, hataki kile, hadi akageuka kuniomba kalamu. Hakuwa na kalamu, masikini. Nikampa yangu ya akiba. Aliandika ukurasa mzima kwa mkono wa mtoto wa chekechea, kuhusu koo la mwalimu na kelele za mtaa na kuta, na hapakuwa na asilimia hata moja ndani yake.

Kikao cha kupokea ripoti kilikuwa kwenye ukumbi wa ofisi, ule wenye viti vinavyozunguka. Mkurugenzi wetu ni mtu wa maneno mengi na hasikilizi hadi mwisho, lakini siku ile nilisoma ripoti yangu na ukumbi ukatulia. Niliwasomea yote. Nilipofika pale watoto walipoinama kuandika bila kuambiwa, nilimwona mama mmoja wa idara ya mitihani anapangusa jicho. Nikasema ukuta, nikarudia ukuta, nikaeleza koo la yule mwalimu hadi mimi mwenyewe nikaanza kukohoa.

Mkurugenzi akapiga meza kwa kiganja. "Huu ni ubunifu!" akasema. "Na nyie mlitaka kuifunga!" Wakati aliyetaka kuifunga ni yeye. "Shule hii haifungwi. Ipeni alama nzuri. Iwe shule ya mfano. Kila wiki shule moja iende ikajifunze pale."

Nitasema kweli, machozi yalinitoka. Akilini nilimwona yule mwosha magari na binti yake, niliona barabara kuu wasiyoivuka. Asilimia alinibana mkono chini ya meza.

"Na kuta, mkuu?" nikauliza.

"Kuta za nini tena?"

"Kuzipandisha. Zifike juu."

Akacheka, si kwa ubaya, alicheka kama mtu anayemfafanulia mgeni. "Mama, wewe mwenyewe umetuthibitishia kwamba wanaweza bila kuta. Ukiziba pale juu si umeua ubunifu wenyewe? Tutapandisha kuta za wale wasioweza."

Ukumbi ukapiga makofi. Asilimia aliinua mkono, akasema, "Mkuu, lakini koo la mwalimu," naye akajibiwa, "Kijana, hapo tumeshapita." Karani aliyekuwa anaingiza matokeo kwenye mfumo akaniuliza kwa sauti ya chini achague lipi, kwa kuwa "zimeishia njiani" haimo. Kabla sijamjibu, wa kando yake akamwambia aweke zipo, kwani zipo.

Nilikwenda kuwaambia mwenyewe. Sikutaka wasome kwenye barua. Nilifika jengo likiwa limetulia, mama wa miwani ndiye alikuwa anasema. Mkwaruzo aliniona mlangoni pa darasa la nane, akaweka kidole mdomoni, akanionyesha nyuma ya kabati. Tukakaa pale, magoti yetu yanagusana. Nikamnong'oneza sikioni, kama wasichana wanaosengenya kanisani au msikitini.

"Haifungwi," nikasema. "Mmepata alama nzuri."

Alifumba macho. Alinishika mkono akaubana, na mkono wake ulikuwa na vumbi la chaki hadi kwenye kiwiko. Kisha akafumbua macho na kuniuliza kwa midomo tu, bila sauti, *Na ukuta?*

Nikatikisa kichwa. Nikamweleza yote, kwa mnong'ono ule ule: ubunifu, shule ya mfano, wageni kila wiki.

"Wageni," akanong'ona. "Wangapi?"

"Basi zima, nadhani."

"Watanyamaza?"

"Wale ni walimu, mwalimu. Umewahi kuona walimu wamenyamaza?"

Mabega yake yalitikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka, kisha sikuwa na hakika tena. Alipangusa uso kwa kile kitambaa cha shingoni.

"Ningekuwa mjinga kidogo tu, mama," akasema, "ningejengewa ukuta?"

"Ungefungiwa shule."

"Na kwa akili hii niliyonayo, nimepata nini?"

Yeye ndiye aliyekuwa ameniomba nisiandike nusu, na mimi sikuandika nusu. Walisoma nusu. Nimefanya kazi hii umri wangu wote na cha kumpa mwanamke yule nilichokuwa nacho ni uchovu, na uchovu alikuwa nao wa kwake.

Ukuta ukagongwa mara mbili. Ilikuwa zamu yake.

Akainuka, akajifunga kitambaa upya, akaenda mbele ya darasa la nane. Nilimsikia nikiwa nyuma ya kabati. Alianza kueleza eneo la pembetatu. Alifika katikati, sauti ikakatika. Akajaribu tena, ikatoka hewa tupu. Akajaribu mara ya tatu. Nilikuwa nasubiri mmoja wa wale wengine agonge aichukue zamu, maana muda ulikuwa unakwenda na kila darasa lina kazi yake.

Hakuna aliyegonga. Darasa la sita walikaa kimya, la saba walikaa kimya, mama wa miwani na kijana wa sayansi wamesimama kila mmoja na chaki yake mkononi. Hata kelele za mashine ya fundi zilikuwa zimekoma. Shule nzima ilimngoja hadi aliposema tena, na alipomaliza pembetatu yake, akagonga.